Inakula Hata Ikiwa Kimya

Mwaka 1949 redio ya aina yake ilianza kuuzwa Rhodesia ya Kaskazini na Nyasaland. Ilikuwa ya duara, ya buluu, na ganda lake la alumini lilitokana na sufuria. Hata jina lake la biashara lilikuwa hilo, Saucepan Special. Aliyeihangaikia ni Harry Franklin, mkuu wa idara ya habari ya serikali ya kikoloni mjini Lusaka, ambaye aliwabembeleza watengenezaji wa Uingereza wamtengenezee redio ambayo kibarua angeimudu, mpaka kampuni ya Ever Ready ikakubali. Bei pauni 5, betri mbali. Ukisimama ufukweni hapa Chiwanda, upande wa Tanzania wa Ziwa Nyasa, ukatazama magharibi, Nyasaland ndiyo hiyo ng'ambo, leo Malawi.

Ndani ya sufuria hiyo mlikuwa na valvu nne, na ya mwisho, ile iliyosukuma spika, ilikuwa peke yake. Valvu iliyo peke yake haina msaidizi wa kupokezana naye. Lazima ishike wimbi zima la sauti, likipanda na likishuka, bila kupumzika hata mara moja, na kwa hiyo lazima umeme uwe unapita ndani yake muda wote, mtangazaji anaposema na anaponyamaza. Utaratibu huo ndio unaoitwa daraja A. Wengi wakisikia "amplifaya ya daraja A" wanafikiria chuma chenye uzito wa mtu mzima kwenye sebule ya tajiri wa Tokyo. Lakini redio za betri za kando ya ziwa hili zilianza nayo.

Sauti ikishageuzwa umeme inakuwa wimbi linalopanda juu ya sifuri na kushuka chini yake. Waya mnene kuliko wote wa gitaa la besi hufanya hivyo mara 41 kwa sekunde. Matoazi hufanya maelfu. Transista, kama valvu, hupitisha mkondo upande mmoja tu. Ukiipa wimbi lenye pande mbili bila maandalizi itakupitishia nusu na kuitupa nusu. Kuna njia mbili za kulitatua hilo. Ya kwanza ni kupitisha mkondo wa kudumu ndani ya transista, halafu wimbi la sauti liuongeze na kuupunguza mkondo huo bila kuufikisha sifuri. Hiyo ni daraja A. Ya pili ni kuweka transista mbili, moja ya nusu ya juu na nyingine ya nusu ya chini, kila moja ilale mwenzake akiwa kazini. Hiyo ni daraja B.

Aliyewahi kuwaona wapasua mbao wa Mbinga, mmoja juu ya gogo na mwenzake shimoni, ameshaliona tatizo la daraja B. Msumeno ni mmoja, wanavuta kwa zamu, na pale wanapopokezana kuna kitambo kidogo ambacho hakuna anayevuta. Transista ya silikoni haifunguki mpaka ipate kama volti 0.6. Kwa hiyo katikati, wimbi linapokatiza sifuri, transista ya juu imeshafunga na ya chini bado haijafungua. Muziki ukiwa mkubwa mkato huo unamezwa na kelele. Ukiwa mdogo, gitaa linapofifia au mwimbaji anapovuta pumzi, mkato unakuwa sehemu kubwa ya sauti yenyewe, na sikio linaupata kama ukavu, mchanga fulani kwenye sauti. Amplifaya nyingi za leo zinaupunguza kwa kupitisha mkondo mdogo kwenye transista zote mbili ili zisifunge kabisa, na utaratibu huo unaitwa AB. Katika daraja A ya transista mbili, wavutaji wote wawili wameshika mpini na kukaza muda wote.

Kwa nini basi daraja A ilipotea kwenye redio? Kwa sababu ya betri. Redio za National zilizounganishwa Dar es Salaam na za Philips zilizounganishwa Arusha, zile zilizoingia vijijini baada ya uhuru, zilikuwa za transista. Kwa redio ya betri, daraja B ilikuwa na faida moja iliyoshinda zote: ukipunguza sauti, inakula kidogo. Daraja A haijui kupunguza. Kwa nadharia daraja B inaweza kugeuza hadi asilimia 78 ya umeme kuwa sauti. Daraja A ya transista mbili hufika 50, na ile ya transista moja yenye rezista juu yake huishia 25. Kwa mtu aliyekuwa akianika betri juani ili zimalizie taarifa ya habari ya saa mbili usiku, hakukuwa na mjadala.

Daraja A ilirudi kwa mlango mwingine. Aprili 1969 mhandisi Mwingereza John Linsley Hood alichapisha katika jarida la Wireless World mchoro wa amplifaya ya daraja A yenye wati 10 na transista nne tu kila upande wa stereo. Hakuwa akiuza kitu. Wakati ule amplifaya za transista zilikuwa na sifa mbaya ya ule mchanga, na wapenda muziki wengi walibaki na valvu, hasa zilizofuata mchoro wa Williamson wa mwaka 1947 uliotoka katika jarida lilelile. Linsley Hood alitaka transista isikike vizuri kama Williamson, kwa gharama ambayo mtu wa kawaida angeimudu na kwa saketi ambayo angeielewa. Mwaka 1996 aliurudia mchoro wake na kuufanyia marekebisho. Leo viwanda vya China vinauza bodi yake pamoja na vipuri vyote kwenye mfuko wa nailoni, na mtu akiagiza seti ya "1969" wauzaji wa vipuri wanamwelewa.

Transista nne maana yake ni kwamba unaweza kumweleza mtu kazi ya kila moja kabla chai haijapoa. Ya kwanza inalinganisha kilichoingia na kilichotoka: rezista mbili, moja ya omu 2,700 na nyingine ya omu 220, zinairudishia sehemu ndogo ya sauti iliyokwenda kwenye spika, nayo inasahihisha tofauti. Rezista hizohizo ndizo zinazoamua sauti ikuzwe mara ngapi, kama mara 13. Ya pili inaligawa wimbi katika nakala mbili zinazopingana, moja ikipanda nyingine inashuka. Ya tatu na ya nne ni zile kubwa zinazosukuma spika. Basi. Fungua sabufa ya dukani, mara nyingi utakuta kidude kimoja cheusi chenye miguu mitano, TDA2030 au jamaa yake, kimefungiwa transista zote ndani ambako huzioni. Kikifa unakitupa na kuweka kingine, na hujui kimekufa kwa nini. Ningekuwa mwalimu wa elektroniki VETA ningeanza na bodi hii, na ningeruhusu wanafunzi waiunguze.

Chiwanda ni kata ya wilaya ya Nyasa, iliyomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012, mwambaoni, jirani na Msumbiji. Rezista ya kununua moja moja huipati hapa. Seti inaagizwa, inapokelewa Dar es Salaam au Songea, halafu inashuka kwa basi: Songea hadi Mbinga, kisha kilomita 66 za lami zinazoteremka milima ya Umatengo hadi Mbamba Bay, kisha pikipiki. Kinachokosekana kwenye mfuko ni vile vitu vizito: transfoma, kapasita kubwa za kuchujia na hitisinki, yaani mapezi ya alumini ya kutolea joto. Hivyo unatafuta mwenyewe, na ndivyo vinavyoamua kama amplifaya itakuwa nzuri au ya kero.

Kwanza transista zenyewe. Mara nyingi utapewa 2N3055, chuma chenye umbo la yai lililobanwa, miguu miwili chini, matundu mawili ya skrubu pembeni. Fundi yeyote wa redio aliyezeeka kazini anaijua. Bahati mbaya, waghushi nao wanaijua. Ya kweli ikifunguliwa kofia kwa msumeno wa chuma ina kipande cha silikoni cha milimita kadhaa kila upande, kimelala juu ya bamba nene linalonyonya joto. Ya kughushi ina kipunje, transista ndogo iliyovalishwa ganda la kubwa. Itapima vizuri kwenye mita, itapiga muziki, na baada ya muda itakufa kwa joto ambalo ya kweli ingelistahimili bila shida. Dalili za nje zipo: maandishi yanayofutika kwa pamba yenye dawa ya kuondolea rangi ya kucha, uzito usiolingana na wenzake, bamba la chini jembamba. Hakuna inayothibitisha. Njia ninayoiamini ni kununua moja ya ziada kutoka kwenye fungu lilelile na kuikata. Ni hasara ndogo kuliko spika.

Kupiga risasi bodi, yaani kulehemu vipuri, ni kazi ya jioni moja na sitaizungumzia sana. Anza na vipuri vifupi, malizia na virefu. Angalia upande wa hasi wa kila kapasita mara mbili, kwa sababu kapasita iliyogeuzwa hupasuka kwa kishindo na harufu yake hukaa chumbani hadi kesho. Na risasi iliyoshika vizuri inang'aa na kutambaa kwenye mguu wa kipuri, wakati ile mbaya inakaa juu kama tone. Transista kubwa zisipigwe risasi bado.

Zenyewe zinafungwa kwenye hitisinki, na ganda zima la chuma la kila moja ni mguu wa tatu, lina umeme. Kwa hiyo katikati ya transista na alumini unaweka karatasi ya maika, kitu chembamba kinachoonyesha upande wa pili, kilichopakwa grisi ya joto pande zote mbili. Maika inazuia umeme na kuruhusu joto. Grisi iwe nyembamba. Wengi wanaibandika kana kwamba ni siagi ya mkate, na ikiwa nene inazuia joto badala ya kulipitisha. Skrubu nazo zinavaa vishikizo vya plastiki. Kisha weka mita kwenye kipimo cha omu, ncha moja kwenye ganda la transista na nyingine kwenye alumini iliyokwaruzwa rangi. Mita isisome chochote. Ikisoma, fungua, futa, tafuta unyuzi wa chuma uliobaki kwenye tundu lilipotobolewa, ukaichoma maika. Huo unyuzi mara nyingi huuoni kwa macho; unaupapasa kwa kidole.

Sasa umeme. Linsley Hood alitoa chaguo tatu kulingana na spika: volti 17 na ampea 2 kwa spika ya omu 3, volti 27 na ampea 1.2 kwa omu 8, volti 36 na ampea 0.9 kwa omu 15. Spika nyingi tulizonazo ni za omu 8, kwa hiyo tuchukue 27. Transfoma ya volti 20 ikishapita kwenye dayodi na kapasita inakupa karibu hizo. Kuna wanaotumia transfoma ya UPS iliyokufa, na ninaelewa sababu, maana iko na haina kazi. Lakini nyingi za bei rahisi ziliundwa kubeba mzigo kwa dakika chache umeme ukikatika, wakati daraja A inavuta bila kukoma jioni nzima. Itachemka, na vanishi ya waya itaanza kunuka. Tafuta transfoma ya kweli, ya VA 150 kwa pande mbili.

Na hapa ndipo pana kero ambayo mwenye daraja AB haijui. Kapasita ya kuchujia hujaa na kupungua mara 100 kwa sekunde, kwa kuwa umeme wetu ni wa hezi 50 na dayodi zinatumia pande zote mbili za wimbi. Kadiri mkondo unaovutwa unavyokuwa mkubwa ndivyo inavyopungua zaidi kabla haijajazwa tena. Amplifaya ya kawaida ikiwa kimya haivuti chochote cha maana, kwa hiyo inanyamaza kweli. Daraja A ikiwa kimya inavuta ampea 2.4 kwa pande mbili. Kwa kapasita ya maikrofaradi 10,000 hiyo ni karibu volti 2 za kuyumba, na spika inavuma vuuu muda wote. Wenye pesa wanaongeza kapasita. Mimi ninapendekeza transista moja zaidi, iliyofungwa ili iigize kapasita kubwa kuliko iliyopo: inakula volti mbili tatu lakini mvumo unakwisha. Waya zote za athi zikutane sehemu moja, kwenye hasi ya kapasita ya kuchujia, kila moja kwa njia yake.

Kabla ya kuwasha, tafuta balbu. Ninasema balbu ya zamani, ya waya, ya wati 60, ambayo siku hizi imekuwa adimu kuliko transista kwa sababu maduka yamejaa za LED. Ifunge mfululizo na waya wa umeme unaokwenda kwenye transfoma. Kama kuna mahali pamesoti, balbu itawaka kwa nguvu zote na kubeba umeme ule ambao ungeunguza bodi yako. Kama mambo ni mazuri itamulika kidogo wakati kapasita zinajaa, kisha itafifia ibaki nyekundu. Nyekundu hiyo haitazimika, kwa sababu daraja A inakula hata ikiwa kimya. Wasioijua huiona wakadhani kuna kosa, wakafungua kila kitu.

Spika bado haijaunganishwa. Weka rezista kubwa ya omu 8 mahali pake. Bodi ina skrubu mbili za kurekebisha. Ya kwanza inaweka volti ya katikati, pale transista mbili kubwa zinapokutana: isome nusu ya umeme unaoingia, 13.5 ukiwa na 27. Kama haiko katikati, wimbi litagonga dari kabla ya kugonga sakafu, au kinyume chake. Toa balbu, rekebisha tena. Ya pili inaweka mkondo. Hapo usiwe na haraka. Funga mita ya ampea kwenye waya chanya wa bodi, anza na ampea moja, halafu subiri. Transista ikipata joto, volti inayohitaji ili ifunguke hushuka kama milivolti 2 kwa kila nyuzi moja, kwa hiyo mkondo unapanda wenyewe bila kuguswa. Baada ya nusu saa utaukuta umefika mahali ambapo hukuuweka. Urekebishe ukiwa wa moto, uwe 1.2, uache tena, uurudie. Atakayeuweka 1.2 ukiwa wa baridi na kwenda kulala ataamka kwenye harufu.

Ilikuwa katika hatua hiyo kijana wa jirani anayetengeneza simu alipoingia kuangalia.

"Kaka, hii inapiga wati ngapi?"

"Kumi."

"Elfu kumi?"

"Kumi tu, kila upande."

Akayatazama yale mapezi ya alumini, mazito kuliko kitu kingine chochote mezani. "Sasa lidude lote hilo la nini?"

Swali lake ni la haki, maana boksi la sabufa dukani limeandikwa wati 8,000 na nyuma yake kibandiko kidogo kinasema inatumia wati 40. Hakuna mashine inayotoa zaidi ya inachoingiza, kwa hiyo kibandiko ndicho cha kusoma. Na lidude ni la hesabu hii: volti 27 mara ampea 1.2 ni wati 32 na ushei, kila upande. Ukisikiliza kwa sauti ya sebuleni, wati isiyozidi moja inakwenda kwenye spika. Zilizobaki zote ni joto, saa zote, kila inapowashwa. Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba ukiongeza sauti hadi mwisho amplifaya inapoa kidogo, kwa kuwa sehemu ya umeme ule inatoka nje ikiwa sauti.

Joto hilo lina mwenyeji wake. Hitisinki nzuri ya upande mmoja itapanda kama nyuzi 1 kwa kila wati, yaani nyuzi 32 juu ya hewa iliyopo. Mbinga mjini, zaidi ya mita 1,300 juu ya bahari, usiku wa Juni hewa inaweza kuwa nyuzi 15 na hitisinki ikaishia 47, unaweza kuishika. Chiwanda tuko usawa wa ziwa, kama mita 500. Novemba mchana, mvua ikisubiriwa, hewa inafika nyuzi 32 au zaidi na hitisinki inakwenda 64. Hiyo huishiki. Transista yenyewe haina wasiwasi, maana 2N3055 ya kweli inaruhusiwa kufika nyuzi 200 ndani yake. Kinachoumia ni kapasita zilizowekwa karibu, zinazokauka miaka kabla ya wakati. Amplifaya iliyorekebishwa Mbinga mwezi wa Juni na kuletwa ziwani lazima ipimwe upya. Hitisinki ikae nje ya kasha, mapezi yasimame wima ili hewa ipande kati yake. Matundu ya kasha yafunikwe kwa wavu mwembamba: wadudu wa ziwani hufuata mwanga usiku, mijusi huwafuata wadudu, na mjusi aliyelala juu ya bodi yenye joto ni soti inayosubiri kutokea.

Umeme wake unalipika. Ukihesabu na upotevu wa transfoma, amplifaya ya pande mbili inavuta kama wati 90. Saa tano kila jioni ni yuniti 13 na nusu kwa mwezi. Mteja wa TANESCO wa kundi la D1 ana kikomo cha yuniti 75 kwa mwezi. Amplifaya itachukua karibu moja ya sita ya kikomo chake ili impigie wati 10. Kwa ukumbi au harusi ningemwambia anunue amplifaya ya daraja D, ambayo hupata joto kidogo tu, na asijisikie vibaya.

Kwa kusikiliza ni jambo tofauti. Kuongeza nguvu mara 10 hulifanya sikio lione sauti imekuwa kubwa mara mbili tu. Kwa hiyo wati 10 dhidi ya 100 si pengo kubwa kama watu wanavyofikiria, na spika yenye karatasi nyepesi, kama zile za redio kubwa za Philips za zamani, inameza wati moja na kuijaza sebule. Ukiweka rekodi za Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz, sikiliza gitaa la solo linapoachiwa life lenyewe mwisho wa kipande. Katika daraja A linafifia hadi kwenye mvumo wa utepe bila kukwaruza. Amplifaya nzuri ya AB ya leo inafanya hivyo pia, na vipimo vinasema zipo zilizo safi kuliko mchoro wa 1969. Anayesema tofauti ni ya mbingu na ardhi anauza kitu. Tofauti ninayoiona mimi iko kwa amplifaya za bei rahisi, na hizo ndizo tulizonazo.

Asiye na umeme wa nguzo asikate tamaa. Bodi hiyohiyo itafanya kazi kwa betri ya volti 12, na betri haina mvumo kabisa, kwa hiyo ile transista ya ziada na transfoma vyote vinaondoka. Katikati paweke volti 6. Mkondo wenyewe unashuka hadi karibu nusu ampea bila kubadilisha rezista. Kamilisha kwa skrubu ya pili. Inatoa wati moja na kidogo kila upande, na hitisinki ya ukubwa wa kiganja inatosha. Pande mbili zinavuta ampea moja, kwa hiyo betri ya bodaboda ya ampea-saa 7 inapiga saa tatu na nusu kabla ya kufika nusu, na usiishushe chini ya hapo. Paneli ya wati 20 inairudisha kati ya asubuhi na adhuhuri, jua likiwepo.